Kukosa Damu Si Ugonjwa Mmoja



Katika nyumba zetu za Katoyi, mtoto akipauka midomo na kuchoka upesi, husemwa kwamba "anakosa damu". Neno hilo si baya, lakini ni pana mno. Mganga wa kituo cha afya huandika katika kadi jina la kigeni, na majina hayo hufanana masikioni kama mapacha. Yafaa tuyatenge.

Damu ina chembe za namna tatu. Chembe nyekundu huchukua oksijeni na kuipeleka mwilini kote. Chembe nyeupe hupigana na magonjwa. Zile ndogo kabisa, ziitwazo chembe sahani, huziba jeraha.

Chembe nyekundu zikipungua, au hemoglobini iliyomo ndani yake, ndiyo anemia. Mama mjamzito huhesabiwa kuwa nayo akiwa chini ya gramu 11 za hemoglobini katika desilita moja ya damu. Chembe nyeupe zikipungua, ni lukopenia. Chembe sahani zikipungua, ni trombopenia. Neno penia ni la Kigiriki, maana yake umaskini.

Lakini lukemia si umaskini: ni kansa ya damu, ambayo mara nyingi huzidisha chembe nyeupe zisizo timamu. Jina hilo, "damu nyeupe", lilitungwa na Mjerumani Rudolf Virchow mwaka 1847.

Tena iko drepanositozi, jina litokalo katika neno la Kigiriki la mundu. Mtoto huirithi kwa baba na mama pamoja. Chembe zake nyekundu hupindika kama mundu na kufa kabla ya wakati. Basi huyu naye hupata anemia, ila kwa njia nyingine.

Kwa nini tujisumbue na majina? Kwa sababu dawa zake ni mbalimbali. Lenga-lenga, maharagwe na vidonge vya chuma humfaa aliyepungukiwa na chuma; haviwezi kunyosha chembe iliyopindika. Malaria ikiwa ndiyo iliyoharibu chembe nyekundu, lazima malaria yenyewe itibiwe. Na mwenye trombopenia akimeza aspirini, aweza kutokwa na damu zaidi.

Basi, ewe mzazi, ukiambiwa kwamba damu imepungua, usiondoke upesi kwenda sokoni kutafuta dawa. Uliza kwa adabu: "Zimepungua chembe zipi, na kwa sababu gani?" Kisha omba jibu liandikwe katika kadi ya mtoto.