Adabu ya kitanzi?

Mwandishi wa makala ya juzi anadai kitanzi cha mkoloni kilileta adabu kuanzia Kitale hadi Bungoma, na watu wakapokea hukumu bila kunung'unika. Wapi! Februari 1948, pale Malakisi, polisi waliwamiminia risasi wafuasi wa Dini ya Msambwa, dini iliyompinga mkoloni. 11 wakafa bila hakimu wala wakili. Kiongozi wao, Elijah Masinde, akapelekwa kizuizini Lamu. Adabu ikaja? Miaka miwili baadaye mapigano ya wafuasi wa dini hiyo hiyo na polisi yalizuka Kolloa, kwa Wapokot.

Enzi ya Mau Mau walinyongwa zaidi ya 1,000. Ila Peter Poole, mzungu, alipohukumiwa kifo kwa kumuua Mwafrika, walowezi walitia saini kwa maelfu kumwombea msamaha. Alinyongwa Agosti 1960. Nao hao walowezi tuwaite wakosa adabu?