Safari ya kazi, mke kiti cha mbele

Saa 11 alfajiri gari dogo lilitoka Dar es Salaam kuelekea Iringa. Ndani mlikuwa na mabegi mawili, boksi la sampuli za mbegu, chupa ya chai na wanandoa ambao kwa miaka tisa hawakuwahi kusafiri pamoja isipokuwa kwenye msiba au harusi.

Mume ni ofisa mauzo wa pembejeo. Kila mwezi hukaa barabarani siku 10 au zaidi, akizungukia maduka ya Morogoro, Iringa na Makambako. Mke ni mwalimu wa shule ya msingi. Likizo ya Juni ilipofika, mke ndiye aliyetoa wazo: watoto wawili waende kwa bibi yao Kibaha, naye aambatane na mumewe. Kazi ifanyike, na njiani waone nchi.

Ni wazo zuri, na kwa familia nyingi ndilo linalowezekana. Mafuta ni yale yale, chumba cha kulala ni kile kile. Kinachoongezeka ni chakula cha mtu mmoja na viingilio. Lakini saa za siku haziongezeki. Kazi ikichelewa na matembezi nayo yanasubiri, kinachopunguzwa kimyakimya ni usingizi wa dereva.

Usiku wa kuamkia safari mume alikuwa akipanga risiti na madeni ya wateja hadi saa 6. Alilala saa nne tu, na alikuwa na mafua.

Morogoro walifika asubuhi. Kazi iliyotakiwa kwisha saa 6 mchana ilikwisha saa 9 alasiri, kwa sababu mwenye duka la pili alichelewa kurudi. Mke alikaa ndani ya gari akitazama milima ya Uluguru kwa mbali. Maji aliyobeba hakuyagusa. Kama wanawake wengi wasafiri, aliogopa kuhangaika kutafuta choo njiani. Saa 8 kichwa kilianza kumuuma.

Walikula haraka. Mume akameza vidonge viwili vya mafua, wakaondoka.

Kilichotokea Mikumi

Barabara kuu ya kwenda Iringa hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takribani kilomita 50. Bila kulipa kiingilio, abiria anaweza kuona swala, twiga, pundamilia, nyani, na akibahatika hata tembo. Hiki ndicho mke alichokuwa akikisubiri tangu asubuhi.

“Tazama kule, twiga watatu!” alisema.

“Mmh,” alijibu mume.

“Baba watoto, umewaona?”

Kimya. Tairi za kushoto zilitoka kwenye lami, zikaingia kwenye changarawe, gari likatetemeka. Mume akashtuka na kuurudisha usukani.

“Umesinzia.”

“Sijasinzia. Nilikuwa natazama twiga.”

“Twiga walikuwa kulia. Nimekuita mara mbili.”

Alitaka asimamishe gari hapo hapo, lakini ndani ya hifadhi si mahali pa kushuka na kunyoosha miguu. Mume akapunguza mwendo, mke akaendelea kumsemesha bila kukoma mpaka walipofika mji mdogo wa Mikumi.

Usingizi hauombi ruhusa

Mwili uliochoka unaweza kulala kwa sekunde chache huku macho yakiwa wazi, na mwenyewe asijue. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Akipotea kwa sekunde nne, dereva amesafiri karibu mita 90 bila kuwapo. Ndiyo maana mume yule aliamini kabisa kwamba hakusinzia.

Siku ile mambo matatu yalikutana. La kwanza ni usingizi wa saa nne, wakati mtu mzima anahitaji angalau saa saba. La pili ni muda wenyewe: baada ya chakula cha mchana, mwili huelekea kulegea hata kwa aliyelala vizuri. La tatu ni dawa. Baadhi ya dawa za mafua na mzio huleta usingizi, na onyo hilo huandikwa kwenye karatasi iliyomo ndani ya boksi, ile ambayo wengi huitupa. Anayeendesha gari aulize dukani kabla ya kumeza: “Hii inalevya?”

Kufungua dirisha na kuongeza sauti ya redio humchangamsha dereva kwa dakika chache tu. Kahawa husaidia kiasi, lakini huchukua kama nusu saa kuanza kufanya kazi. Kinachosaidia kwa muda ni kuegesha mahali salama na kulala dakika 15 hadi 20. Dawa ya kweli ni kulala usiku.

Abiria naye ana mzigo wake. Kukaa kitako zaidi ya saa nne bila kujinyoosha huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, hasa kwa mjamzito, aliyejifungua karibuni au anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni. Kusimama kila baada ya saa mbili na kutembea kidogo husaidia. Kujinyima maji kwa kuogopa choo huleta maumivu ya kichwa na kunaweza kuchangia maambukizi ya njia ya mkojo. Ni afadhali wanandoa wapange mapema vituo vya kusimama, na choo kiwe sababu inayotosha.

Zamu ya mke

Pale Mikumi mume alinunua kinywaji cha kuongeza nguvu, akasema wangefika Iringa saa 3 usiku. Mbele yao kulikuwa na karibu kilomita 200, malori, giza na kona za mlima Kitonga. Miadi yake ya Iringa ilikuwa saa 3 asubuhi.

“Watoto wetu wako kwa mama,” mke alisema. “Tukifa wote wawili leo, yule mteja atawalea?”

Mume hakujibu. Alikaa na kopo lake mkononi, halafu akapiga simu. Mteja alinung'unika, kisha akakubali saa 8 mchana. Walilala Mikumi, na saa 2 usiku mume alikuwa tayari anakoroma.

Asubuhi mke alinyoosha mkono kuomba ufunguo. Leseni anayo miaka sita, lakini katika safari ndefu hajawahi kupewa usukani. Waliteremka bonde la mibuyu, wakanunua vitunguu Ruaha Mbuyuni, wakapanda Kitonga nyuma ya lori lililokuwa likijikongoja. Njia nzima mguu wa kulia wa mume ulikuwa ukikanyaga breki isiyokuwepo. Juu ya mlima alipumua.

“Unaendesha vizuri,” alisema.

“Ungejua miaka sita iliyopita.”

Kazi ya Iringa ilikwisha jioni. Kesho yake walikwenda Isimila, kama kilomita 20 kutoka mjini, kwenye korongo lenye nguzo ndefu zilizochongwa na mmomonyoko na zana za mawe za watu wa kale. Simu ya kazi ilibaki ndani ya begi kwa saa mbili, kama walivyokubaliana.

Ni humo korongoni mume alisema lile ambalo hakuwahi kulisema. Mara mbili kabla ya hapo alikwishasinzia akiendesha peke yake. Mara moja alizinduliwa na honi ya basi. Hakumwambia mkewe kwa sababu hakutaka awe na wasiwasi kila anaposafiri.

Mke alinyamaza muda mrefu. Alikuwa akikumbuka usiku aliomlaumu kwa kuchelewa kupiga simu, na asubuhi alizomhimiza awahi kuondoka ili awahi kurudi.

Wanandoa wengi wenye mmoja anayesafiri kikazi huulizana kuhusu posho, kuhusu siku ya kurudi, na wakati mwingine kuhusu nani alikuwa pamoja na nani. Uchovu hauulizwi, na kwa mwanamume mara nyingi hausemwi, kwa kuwa huonekana kama udhaifu. Mke yule aliujua kwa sababu alikaa kiti cha mbele.

Mwezi Julai mume alisafiri tena, safari hii peke yake. Hakuondoka alfajiri, aliondoka saa 1 asubuhi. Siku ya kwanza aliipangia Morogoro tu, akalala huko huko. Kesho yake, kabla ya kuingia hifadhini, alisimama na kupiga simu nyumbani. Mke hakuuliza atarudi lini.

“Jana umelala saa ngapi?” aliuliza.

“Saa 3.”

“Haya, nenda. Nisalimie twiga.”