Tumchague mwamuzi kabla ya kuweka jiwe la msingi



Wapendwa katika Kristo, anayesafiri kutoka Dodoma kwenda Babati huipita Chemba yetu juu ya lami, katika barabara ya kilometa 251 iliyozinduliwa Aprili 2018. Lakini akiiacha lami na kuingia vijijini, huenda akakutana na boma: kuta zimefika kwenye lenta, paa hakuna, nyasi zimeota ndani. Tumezoea kusema kwamba fedha zimekwisha. Pengine ukweli ni kwamba fundi na kamati ya ujenzi hawasemezani tena.

Chanzo huwa kidogo. Mapatano yalikuwa ya mdomo. Fundi alidhani maji ni juu ya kijiji. Kamati ilidhani yamo katika bei yake, na kiangazi maji kwetu ni ghali. Kamati ikazuia malipo, fundi akafungasha zana zake, na vijana waliomsaidia wakarudi nyumbani mikono mitupu.

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 18, Bwana anatupa ngazi ya kupanda tunapokosana: kwanza wawili peke yao, kisha shahidi mmoja au wawili, mwishowe kanisa. Wajenzi wakubwa wa dunia nao wana ngazi yao. Katika masharti ya mikataba ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, toleo la mwaka 1999, mgogoro huanzia kwa mhandisi, huenda kwa baraza la uamuzi linalopewa siku 84, ndipo pande mbili hujaribu kupatana kabla ya usuluhishi rasmi. Wakati huo wote kazi huendelea. Hapa Tanzania, Baraza la Taifa la Ujenzi, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, husaidia kutatua migogoro ya namna hiyo.

Wapo watakaosema kwamba Wakristo kuandikiana ni kukosa kuaminiana. Sivyo. Yakobo na Labani, watu wa ukoo mmoja, walirundika mawe yawe shahidi wa agano lao. Kinachovunja udugu ni mashaka yanayozaliwa pale kila mmoja anapokumbuka neno lake.

Tena tujihadhari na amani ya uongo. Tukimwambia fundi asamehe ujira wake kwa sababu ni kazi ya Mungu, hatujapatana naye. Tumemdhulumu kwa jina la Mungu. Mtume Yakobo anatuonya kwamba ujira uliozuiwa hupiga kelele mbele za Bwana. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1446, inatutaka tuepuke mashtaka na kupatana upesi, lakini bila kuiumiza haki.

Basi, iwe ni kigango, darasa au zahanati, kabla ya kuchimba msingi tuandike ukurasa mmoja: kazi gani, bei gani, nani analeta maji na mchanga, malipo kwa hatua zipi. Tumtaje na mwamuzi ambaye pande zote mbili zinamheshimu, na siku atakazopewa. Malipo yasiyo na ubishi yatolewe hata kama mengine yanabishaniwa. Mwamuzi huchaguliwa kwa urahisi tungali tunacheka pamoja. Tukishakasirikiana, kila jina huonekana la adui.

Kristo, jiwe kuu la pembeni, atujalie kujenga kwa haki. Amina.