Kikao cha mtandao si redio ya wakubwa

Imezuka katika ofisi zetu desturi ya kuhesabu vikao vilivyofanyika badala ya kuhesabu mambo yaliyoamuliwa na kutendwa. Desturi hiyo ni ya siku nyingi, lakini tangu ugonjwa wa Korona ulipoingia nchini mwaka 2020 na mikutano kwa njia ya video kuenea katika ofisi za umma, imepata nguvu mpya. Zamani ofisa aliyetaka kuwaita watu alihitaji kwanza gari, dizeli na masurufu. Leo anabonyeza tu. Na kwa kuwa kubonyeza hakumgharimu kitu, huwaita watendaji asubuhi, akawaita tena alasiri, na usiku akawapelekea ujumbe wa kuwakumbusha kikao cha kesho.

Mwandishi wa makala haya si adui wa mitambo hiyo. Mtu wa Katavi hana sababu ya kuwa adui wa kitu chochote kinachopunguza safari. Mpanda ilikuwa chini ya Mkoa wa Tabora mpaka Mkoa wa Rukwa ulipoundwa mwaka 1974. Tangu hapo mwananchi wa Mpanda mwenye shida kubwa alielekezwa Sumbawanga, zaidi ya kilomita 200, kwa njia inayopita katikati ya hifadhi ya Katavi, ambayo wakati wa masika iliwalaza wasafiri porini. Mwaka 2012 Rukwa ikamegwa, Mkoa wa Katavi ukazaliwa, na hoja iliyotolewa ilikuwa moja: kuisogeza Serikali karibu na wananchi. Lakini hata ndani ya mkoa huu mpya umbali haukwisha. Inyonga iko zaidi ya kilomita 100 kutoka Mpanda. Karema iko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Usevya iko huko kusini, na Mishamo upande mwingine kabisa. Kwa mtendaji wa kata, kuitwa Mpanda kwenye kikao cha saa mbili kulikuwa na maana ya ofisi yake kufungwa siku mbili au tatu, na wananchi kukuta kufuli mlangoni.

Chombo kinachoweza kuzirudisha siku hizo kwa wananchi ni chombo cha thamani. Ndiyo maana inauma kuona jinsi kinavyotumiwa.

Nilipata kuhudhuria kikao kimoja cha namna hiyo, katika ofisi ambayo sitaitaja. Ajenda ilikuwa pembejeo za kilimo. Wakubwa walikaa kwenye meza kuu wakitazama ukutani, ambako projekta ilikuwa ikionyesha takwimu. Watendaji wa kata walikuwa wamejiunga kila mmoja kutoka kituo chake, wengine kwa simu ya mkononi na kifurushi walichonunua kwa fedha zao. Kwa saa mbili na nusu walisomewa maandishi ambayo wangeweza kuyasoma wenyewe kwa dakika kumi, kama yangepelekwa kwao jana yake. Maiki zao zote zilikuwa zimefungwa, eti kuepuka kelele. Mtendaji mmoja wa kata ya mbali aliweka alama ya kuinua mkono. Alama ile ilionekana kwenye kompyuta ndogo ya kijana aliyekuwa akiendesha mitambo pembeni, na kijana hakuwa na ujasiri wa kumkatiza mkubwa. Mkono ule ulikaa juu mpaka kikao kikafungwa kwa maneno ya shukrani.

Baadaye nilimpigia ndugu yule simu kumuuliza alitaka kusema nini. Alitaka kusema kwamba mbolea ya ruzuku iliyoandikwa katika taarifa kuwa imefika katani kwake haikuwa imefika, na mvua zilikuwa zimekwisha anza. Muhtasari wa kikao uliandika kwamba taarifa ilipokelewa kwa kauli moja. Kichekesho, kama ni halali kucheka, ni kwamba wiki iliyofuata watendaji walewale waliitwa Mpanda kwa miguu yao wenyewe kutia saini karatasi ya mahudhurio, ili hesabu za posho zikamilike.

Mkulima wa mahindi hangoji muhtasari urekebishwe. Mbolea ya kupandia ikichelewa, ni mavuno ya mwaka mzima.

Watu wa rika langu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Chombo kilichotumika kilikuwa redio, tena redio ya mkulima. Redio husema tu. Haina njia ya kusikia anachojibu msikilizaji. Hata hivyo watu wazima wapatao milioni mbili walishiriki kwa majuma kumi na mawili, na viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifunzwa kabla ya kipindi cha kwanza kurushwa. Kila kikundi kilikuwa na kitabu chake. Redio iliposema yake, ilizimwa, na hapo ndipo kazi ilipoanza: wanakikundi walisoma, wakajadili, wakaamua wenyewe watafanya nini kijijini mwao, wakashika majembe na kuchimba vyoo. Chombo cha upande mmoja kiligeuzwa na watu kuwa mazungumzo, kwa sababu nyuma yake palikuwa na matayarisho, na mbele yake palikuwa na kazi.

Miaka hamsini baadaye tumepewa chombo cha pande zote. Kinaonyesha sura, kinapeleka sauti, kinaruhusu watu kumi walio sehemu kumi kuandika katika waraka mmoja kwa wakati mmoja, na kinatunza yote yaliyosemwa. Sisi tumekichukua tukakigeuza kuwa redio, tena redio isiyo na kitabu wala kikundi.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwaonya viongozi dhidi ya majivuno na dharau, na ulieleza wazi kwamba kazi ya Chama si kuwahimiza watu watekeleze mipango iliyokwisha amuliwa na wataalamu wachache. Waandishi wa Mwongozo hawakuijua kompyuta. Lakini kiongozi anayefunga maiki za watu arobaini ili asikatizwe, walimjua vizuri sana.

Wapo watakaosema kwamba chombo chenyewe ndicho kibovu: mtandao hukatika, umeme huzimika, wazee hawaziwezi kompyuta. Kuhusu mtandao wana haki kiasi. Lakini mtandao ukiwa dhaifu, picha huzimwa ikabaki sauti, na sauti haihitaji mengi. Aliye mahali pabaya zaidi huunganishwa kwa simu ya kawaida. Anayeng'ang'ania kila mmoja aonyeshe sura yake anafanya gwaride, hafanyi kikao. Na hao wazee wasioweza kompyuta ndio hao hao wanaopokea na kutuma fedha kwa simu kila siku bila kukosea tarakimu.

Wengine husema kwamba uamuzi mzito hauwezi kufanywa bila watu kukaa pamoja. Tarehe 29 Machi 2022 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana kwa njia ya video, na katika kikao hicho waliipokea Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kuwa mwanachama. Kwa uamuzi ule ng'ambo ya ziwa inayotazamana na bandari yetu ya Karema ikaingia katika Jumuiya. Ikiwa marais waliweza kuongeza nchi nzima kwa njia hiyo, kwa nini mtendaji wa kata iliyo katika ufukwe huo huo ashindwe kueleza kwamba mbolea haijafika?

Hata hivyo nisieleweke vibaya. Mgogoro wa mpaka kati ya kijiji na hifadhi, au kati ya mkulima na mfugaji, hauamuliwi kwenye kioo. Huko kiongozi aende, akanyage vumbi, aonyeshwe alama za mpaka. Fedha zinazookolewa kwa kutosafirisha watu kusikiliza takwimu ndizo zimnunulie dizeli ya safari hiyo. Na hapa ndipo wakaguzi wetu wangeuliza swali: halmashauri iliyofanya vikao kadhaa kwa video, imeokoa shilingi ngapi, na zimekwenda wapi?

Yanayotakiwa hayahitaji mitambo mipya wala semina ya siku tano hotelini. Makabrasha yapelekwe siku tatu kabla, na mwenyekiti ayachukue kuwa yamesomwa. Asiyesoma aone aibu yake mwenyewe. Muhtasari uandikwe palepale, kila mjumbe akiuona kwenye kioo chake, ili asiyekubaliana na neno “imefika” aseme kabla halijakauka. Kila azimio liwe na jina la mtu na tarehe, na kikao kinachofuata kianze kwa kumwita mtu huyo. Kijana wa mitambo apewe mamlaka ya kumkatiza yeyote, hata mwenyekiti, mkono unapoinuliwa. Na maamuzi ya Serikali yaache kuzagaa katika makundi ya WhatsApp pamoja na salamu za harusi na picha za misiba. Ipo barua pepe ya Serikali, na ipo kwa sababu.

Zaidi ya hayo, mpangilio wa kusema ugeuzwe. Sasa mkubwa husema kwanza, na akimaliza hakuna aliye tayari kumpinga. Msimu wa mvua unakaribia, na kikao cha pembejeo hakina budi kuitishwa kabla ya Novemba. Kianze na Karema, kifuate Mwese, kisha Ilunde, kila kata ieleze ghala lake lina mifuko mingapi leo asubuhi. Mpanda iseme mwisho.