Kanzu ina kiti mezani kwa nahodha

Kuna imani imewakaa watu wetu wanaopanda meli za kitalii, na kila anayerudi humrithisha anayekwenda: usiku wa mavazi rasmi mwanamume avae suti nyeusi na tai, mwanamke avae gauni refu la Kizungu, na asiye navyo akajipakulie chakula ghorofa ya juu pamoja na watoto waliotoka kuogelea. Nimeisikia kwa ndugu walioko London na Dubai. Nimeisikia kwa mawakala wa safari wa Nairobi na Dar es Salaam, ambao kazi yao ni kujua zaidi. Naipinga, na naipinga kwa uchungu, kwa sababu inamfanya mtu mwenye sanduku lililojaa mavazi ya heshima aamini kwamba hana nguo ya kuvaa.

Tuanze na kanuni za meli zenyewe, maana wengi wanazitaja bila kuzisoma. Katika kampuni kubwa za leo, Cunard ndiyo inayosifika kwa kushikilia mavazi ya jioni. Meli yake Queen Mary 2, iliyoanza kazi mwaka 2004, huvuka Atlantiki kati ya Southampton na New York, na katika safari ya usiku saba kwa kawaida kuna jioni mbili za gala. Kuanzia saa kumi na mbili, mwanamume anatakiwa awe na tuksedo au suti ya rangi nzito na tai. Wasomaji wetu huishia hapo. Maelekezo hayohayo yanaendelea kusema kwamba vazi rasmi la kitaifa linakaribishwa, sare ya jeshi inakaribishwa, na sketi ya Waskoti pia. Hiyo ni kanuni iliyoandikwa, na inamhusu kila abiria aliyelipa nauli.

Na hao ndio wakali. Norwegian Cruise Line ilianzisha mwaka 2000 mtindo wa abiria kula saa aitakayo, kwenye mgahawa autakao, bila usiku wa lazima wa suti, na kampuni nyingine nyingi zimekuwa zikilegeza masharti tangu hapo, kila moja kwa namna yake. Virgin Voyages, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2021, haina kabisa sharti la suti. Sasa niambieni: kama wanaolegeza wamelegeza, na wanaokaza wameliandika vazi la taifa kwenye kanuni, hofu hii ya kanzu inatoka wapi?

Inatoka kwetu. Mjomba wangu mmoja, mtu wa Unguja aliyekaa Uingereza miaka mingi, alipostaafu wanawe walimlipia safari ya meli. Akatoa kanzu yake, joho na kofia, akavitandaza kitandani. Kijana wake mkubwa akamwambia, "Baba, huko si Idi. Watu watadhani umetoka kulala." Mzee hakubishana. Alikodi suti, shati likambana shingo, na usiku wa gala alikaa mezani amenyooka kama mshitakiwa, akainuka kabla ya kitindamlo.

Kanzu aliyoiacha nyumbani naijua. Ni ya pamba nyeupe nzito, shingo imezungushiwa darizi ya uzi wa hariri, imeshonwa kwa mkono, mishono midogo kiasi kwamba lazima uisogeze kwenye taa ndipo uione nakshi. Kofia yake ni ya viua, zile ambazo mshonaji huzikalia kwa wiki nyingi, akitoboa kitambaa na kuzungushia uzi kila kitundu mpaka maua yakutane pande zote. Mzee alifungia ndoa akiwa na vazi la namna hiyo. Amewapokea wakwe zake nalo, amezika nduguze nalo, na siku ya Idi hatoki bila ya hilo. Halafu mwanawe anamwambia kwamba suti ya kukodi, iliyokwishavaliwa na watu asiowajua, ndiyo yenye heshima zaidi. Kijana yule hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anamlinda baba yake na aibu, na aibu hiyo tumemfundisha sisi.

Wanaotetea suti husema ndiyo desturi ya baharini, ya zamani, isiyoguswa. Hawaijui historia yake. Koti fupi la chakula cha usiku, lile tunaloliita tuksedo, kwa masimulizi yanayokubalika zaidi lilishonwa mwaka 1865 na fundi Henry Poole wa Savile Row, London, kwa ajili ya mwana wa Malkia Victoria aliyekuja kuwa Mfalme Edward VII. Mwana mfalme alitaka koti jepesi la kulia chakula nyumbani kwake Sandringham, akiwa na marafiki, apumzike na koti la mikia. Jina la tuksedo lilikuja baadaye kutoka Tuxedo Park, karibu na New York, ambako klabu ya matajiri ilifunguliwa mwaka 1886. Kwa miongo kadhaa baada ya hapo, vazi rasmi hasa lilibaki kuwa koti la mikia na tai nyeupe, na aliyevaa koti fupi alihesabiwa kuwa amevaa nguo ya mapumziko. Hata ule mkanda mpana wa kitambaa unaofungwa kiunoni ulitoka India, ambako maofisa wa Kiingereza waliona wenyeji wakiufunga, wakauiga, wakaupeleka kwao. Vazi linaloitwa la asili ya Kizungu lina mkono wa India ndani yake, na lilianza kama nguo ya kustarehe.

Tena bahari yenyewe iliwalazimisha wenye vazi hilo kulibadilisha. Katika Bahari ya Shamu, kabla ya vipoza hewa, joto lilikuwa halivumiliki kwa mtu aliyevaa koti la sufu. Waingereza wakajipangia vazi la huko: suruali nyeusi, shati jeupe lililo wazi shingoni, mkanda wa kitambaa kiunoni, bila koti na bila tai. Lilipewa jina la bahari hiyo, na mpaka leo wanamaji na mabalozi wao hulivaa kwenye dhifa za nchi za joto. Njia ya bahari hiyo inatuhusu. Ndiyo iliyopitwa na meli za kampuni ya British India zilizoitwa Kenya na Uganda, zilizoanza kazi mwaka 1951 na 1952, zikitoka London kupitia Suez hadi Mombasa na bandari nyingine za pwani yetu. Wenye suti walivua koti kwa sababu ya jua letu, na bado wakajihesabu wamevaa rasmi. Sisi wenye jua tunaambiwa tuvae koti.

Mfano unaonigusa zaidi ni ule wa sketi ya Waskoti, na ningependa kila anayeona haya na kanzu yake aufikirie kwa makini. Baada ya Waskoti wa milimani kushindwa vitani Culloden mwaka 1746, bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kuwakataza wanaume na wavulana kuvaa mavazi yao ya kimila. Adhabu ilikuwa kifungo, na kwa aliyerudia kosa, kupelekwa ng'ambo kwa miaka saba. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1782. Miaka arobaini baadaye, mwaka 1822, Mfalme George IV alizuru Edinburgh, na yeye mwenyewe akaonekana hadharani amevaa sketi hiyo. Leo imetajwa kwa jina katika kanuni za mavazi za meli za kifahari. Mwanamume anaingia ukumbini magoti wazi, amening'iniza kibeti cha manyoya mbele ya kiuno, na mhudumu anamvutia kiti. Hakuna anayemwuliza kama amekosea mlango. Vazi lililokuwa kosa la jinai limepata heshima hiyo kwa sababu wenyewe hawakuliacha. Walilivaa harusini, wakalivaa kwenye dhifa, wakalivaa kwa majirani waliowacheka.

Wafilipino wamefanya vivyo hivyo. Barong yao ni shati jepesi la nakshi, linaachwa nje ya suruali, halina tai, na marais wao huapishwa wakiwa wamelivaa. Viongozi wa nchi za APEC walipokutana Manila mwaka 2015, walikaa kwenye dhifa wakiwa na barong, na hakuna aliyesema wamevaa ovyo. Nasi tuna mtangulizi wetu. Sultani Barghash bin Said alipokwenda Uingereza mwaka 1875, picha alizopigwa London zinamwonyesha na kilemba na joho. Hakwenda kwa fundi wa Savile Row kutafuta nguo ya kumwezesha kuonana na Malkia Victoria.

Kwa hiyo meli naiondolea lawama nyingi. Ugonjwa tunao nchi kavu. Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Moses Wetang'ula, alipiga marufuku suti za Kaunda bungeni na kusisitiza koti, kola na tai. Hilo ni vazi ambalo kizazi cha uhuru kililichukua kuwa lake, na limekataliwa na nyumba ya wawakilishi wa Waafrika. Mtoto anayekua akiona hayo kwenye runinga atapanda meli akiamini kwamba kola na tai ndiyo heshima yenyewe. Uganda wako mbele yetu: kwenye kwanjula, sherehe ya mchumba kutambulishwa nyumbani kwa kina binti, mwanamume huvaa kanzu na koti juu yake, akakaa mbele ya wazee wa upande wa pili, na hakuna shughuli inayodai urasmi kuliko hiyo.

Najua jibu linalokuja: ukienda kwa wenye chongo, fumba jicho. Nakubali kwamba mgeni hufuata taratibu za mwenyeji. Lakini mwenyeji amekwisha kusema, kwa maandishi, njoo na vazi lako la heshima. Anayefumba jicho baada ya kuambiwa alifumbue hamheshimu mwenyeji, anajidharau mwenyewe.

Siko upande wa wale wanaosema "nimelipa nauli, nivae nitakavyo." Chakula cha usiku melini kimeandaliwa na watu waliosimama jikoni tangu asubuhi, kinaletwa na kijana aliyepiga pasi shati lake ili akuhudumie, na meza unaikalia pamoja na wageni. Kanzu ya kulalia ibaki chumbani. Dera la kupikia libaki nyumbani. Kanzu ya gala iwe imefuliwa, imetiwa wanga, imenyooshwa hadi pindo, na hapo panahitaji mpango, kwa sababu meli nyingi haziruhusu abiria awe na pasi chumbani kwa kuhofia moto. Tafuta chumba cha kufulia cha abiria kama kipo, au ipeleke kwa dobi wa meli mapema, kwani jioni ya gala kila mtu anataka nguo yake inyooshwe. Kandambili hazifai, na ukumbi mwingine hukataa viatu vya wazi kwa wanaume, basi vaa viatu vya kufunika vilivyong'arishwa. Jambia liache nyumbani. Walinzi wa bandarini hawatalipitisha.

Kwa wanawake imani hii inaumiza zaidi. Wapo waliokataa safari nzima kwa kudhani watalazimika kuacha mabega wazi. Sijaona kanuni ya kampuni yoyote inayomtaka mwanamke aonyeshe bega lake ili apate chakula. Kanuni zinazungumzia gauni la jioni au suti ya suruali, na zinaacha nafasi kwa vazi la taifa. Gauni refu la kitenge lililokatwa na fundi mzuri, pamoja na kilemba chake, linatosha. Abaya yenye nakshi mikononi inatosha. Mama aliyevaa hivyo amejisitiri na amependeza, na ukumbi utamwona amependeza.

Ni kweli kwamba imani hii ina wafaidika. Kampuni kadhaa hukodisha tuksedo, ukaletewa hadi chumbani. Wapiga picha hupanga mapazia na taa jioni hiyohiyo ya gala, na picha huuzwa ghali. Siwalaumu kwa biashara yao. Nawalaumu mawakala wetu, ambao huchukua kijitabu cha kampuni, wakatoa mstari mmoja unaosema suti na tai, wakauacha ule wa vazi la taifa, kisha wakampa mteja mwenye kanzu tatu nzuri kabatini.

Warekebishe karatasi zao. Mstari wa vazi la taifa urudi pale ulipoondolewa, na wakala aliyemwuzia tiketi mtu wa Lamu, wa Pemba au wa Kampala amsomee kwa sauti kabla hajalipa. Msafiri naye aiandikie kampuni wiki kadhaa kabla ya safari, ataje kanzu, joho na kofia yake, aambatishe picha, na aombe jibu kwa maandishi. Jibu hilo alihifadhi kwenye simu, ili mhudumu wa mlangoni akisita, aonyeshwe ruhusa ya waajiri wake na mgeni aende kukaa.