Kamati Isiyo na Wajumbe: Akili Unde na Nathari ya Uhakiki wa Kiswahili

Tangu mfumo wa ChatGPT ulipozinduliwa mwezi Novemba 2022, imekuwa desturi katika idara zetu kulizungumzia suala la akili unde (au akili mnemba, maadamu istilahi bado haijatulia) kana kwamba ni suala la nidhamu. Je, mwanafunzi ameiba au hakuiba? Makala haya yanaupinga mtazamo huo. Suala lililo mbele yetu ni la lugha na la uhakiki, na kuliachia kamati za nidhamu ni kulikimbia.

Tuanze na lugha. Mtambo wa aina hii hutunga sentensi kwa kukadiria ni neno lipi lenye uwezekano mkubwa wa kufuata yaliyotangulia, kwa mujibu wa matini uliyolishwa. Katika GPT-3, mfumo uliotolewa mwaka 2020, takribani maneno 93 katika kila 100 ya matini hayo yalikuwa ya Kiingereza. Nacho Kiswahili kinachookotwa kwenye intaneti ni, kwa sehemu kubwa, habari za magazeti na tafsiri. Ndiposa tunasoma tasnifu zenye sarufi sahihi na mifupa ya kigeni. Kila mhusika "ana jukumu muhimu katika kuangazia" jambo fulani. Na "mwisho wa siku", kauli ambayo kwa mzee wa Lamu ni jua likichwa, riwaya "inatukumbusha" umuhimu wa kitu. Atakayesema kwamba kauli hizi zilikuwako kabla ya mtambo atakuwa amesema kweli. Watafsiri wa vyumba vya habari walizizoesha zamani, wakikimbizana na saa. Lakini mtafsiri yule alikuwa na mhariri wa kumkaripia, na kosa lake lilifungiwa maandazi kesho yake. Mtambo humrudishia kosa lilo hilo kila aulizaye, likiwa limevishwa joho la usanifu.

Na usanifu una historia yake. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliteua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikapewa usimamizi wa vitabu. Kimvita na Kiamu, lahaja zenye hazina ya ushairi wa karne kadhaa, zikasukumwa pembeni. Hata hivyo, Kamati ile ilikuwa na anwani, na watu waliweza kuibishia. Abdilatif Abdalla alipochapisha Sauti ya Dhiki mwaka 1973, mashairi aliyoyatunga kizuizini, lahaja ya Mombasa ilijisemea yenyewe, na mwaka uliofuata diwani hiyo ikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta. Mtambo wa leo ni kamati isiyo na wajumbe wala kumbukumbu za mkutano. Ukipewa ubeti wenye "ndoo" ya Kimvita, yaani njoo, una kila sababu ya kudhani kwamba mshairi anataja chombo cha kutekea maji. Nani atauandikia barua ya malalamiko?

Wapo wenzetu wanaoutetea wakisema ni chombo tu, kama kamusi au taipureta. La hasha. Kamusi haimwanzishii mtu sentensi, wala taipureta haikumwambia mwandishi afikirie nini kuhusu Kidagaa Kimemwozea.

Lakini ieleweke kwamba mtambo haukuvamia shamba lililokuwa limelimwa vizuri. Ulikuta miongozo. Vizazi vya wanafunzi wetu vimefika chuo kikuu vikiwa vimekariri dhamira tano, sifa sita za mhusika mkuu na tamathali zilizoorodheshwa bila kuulizwa zinafanya nini pale zilipo. Idara nazo zikauendeleza utaratibu huo na kuuita uhakiki wa fani na maudhui. Mtambo unaumudu uhakiki huu kwa sababu ndio uhakiki usiohitaji kusoma. Mhadhiri anayelalamika kwamba hawezi kutofautisha kazi ya mwanafunzi na ya mtambo angeanza kwa kulitazama swali aliloliuliza.

Badala yake zimenunuliwa programu za kubaini maandishi ya mtambo, na kuna mahali ambapo alama ya programu imegeuzwa hukumu. Huu ni uzembe unaoumiza watu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu programu 7 mwaka 2023 kwa insha 91 za Kiingereza zilizoandikwa na watu ambao si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilidaiwa kuwa za mtambo. Mwaka huo huo kampuni ya OpenAI iliiondoa programu yake yenyewe ya ubainishaji kwa kukosa usahihi. Ikiwa hali ni hiyo kwa Kiingereza, kwa msingi gani mwanafunzi wa Kitui au Kakamega afelishwe kwa tasnifu ya Kiswahili?

Tunachodai ni kwamba utahini urudi mezani, kitabu kikiwa kimefunguliwa. Mtahini achague ubeti wowote wa diwani inayohakikiwa, na mtahiniwa aeleze kwa nini kituo kimekaa pale, na kwa nini mshairi kasema "ndia" ilhali "njia" ilimtosha kwa mizani. Tutaambiwa kwamba wanafunzi ni wengi na wahadhiri wachache. Basi idara zipokee tasnifu chache, kwa idadi ambayo wahadhiri waliopo wanaweza kuisoma.