Rambo Alilia

Wanaume wengi waliokulia mitaa ya Dar es Salaam miaka ya tisini wanamjua Rambo. Walimwona kwenye kibanda umiza, wamebanana kwenye mabenchi, joto limewalowesha, mtafsiri anamwaga maneno ambayo mwandishi wa filamu hakuwahi kuyaota. Wakatoka na somo moja: steringi hafi, steringi haombi, steringi halii.

Uongo mtupu! Katika filamu ya kwanza, First Blood ya mwaka 1982, Rambo analia. Tena si chozi la kufutwa kwa kidole. Anaporomoka mbele ya aliyekuwa kamanda wake, anasimulia kwa kwikwi jinsi rafiki yake alivyoraruliwa na bomu huko Vietnam, halafu anajisalimisha. Na katika riwaya ya David Morrell ya mwaka 1972, iliyoizaa filamu hiyo, anakufa kabisa. Naam, steringi anakufa.

Ikaja sehemu ya pili, mwaka 1985. Kifua wazi, misuli imepakwa mafuta, maiti zimelala huku na huko. Ndiye Rambo huyo aliyebandikwa kwenye kuta za vinyozi. Yule mwingine, askari mgonjwa anayehitaji mtu wa kumsikiliza, nani angemnunua?

Simlaumu mtafsiri. Lufufu na wenzake walikuwa wasanii hasa, na kibandani angalau watu walicheka pamoja. Hakukosekana kaka mmoja wa kuropoka kwamba zile risasi haziishi kwa sababu ni sinema. Leo mvulana yuko peke yake chini ya shuka, simu mkononi, na hakuna wa kuropoka.

Humo simuni anamkuta mshawishi wa mitandaoni, Andrew Tate. Wazazi wengi hawamjui. Watoto wao wanamjua. Mwaka 2022 bwana huyu aliendesha kitu alichokiita chuo kikuu cha wapambanaji, ada karibu dola 50 kwa mwezi, na kila mwanafunzi aliyeleta mteja alipata kamisheni. Vijana wakakata vipande vya video zake, wakavimwaga TikTok. Agosti mwaka huo Facebook na Instagram zikamfungia, lakini vipande havikukoma, kwa kuwa wachuuzi walikwishasambaa. Romania ilimshtaki mwaka 2023 kwa ubakaji na biashara ya binadamu; anakana, na mahakama zipo. Mimi biashara yake inanitosha. Unamwambia mtoto wa miaka 14 kwamba si kitu: huna gari, huna kifua, wasichana wanakucheka. Akishanywea, unamuuzia dawa.

Kwa hiyo msiniambie mtoto wa kiume amesahauliwa. Hajasahauliwa hata kidogo! Ndiye mteja anayewindwa usiku na mchana. Waliomsahau ni baba zake, ambao wakiulizwa kuhusu hofu au kukataliwa na msichana hujibu "jikaze," kisha wanaongeza sauti ya mpira.

Wala tusimsingizie mzungu kila kitu. Washa redio asubuhi. Mwanamume akisikika anaosha vyombo au anampikia mkewe, studio nzima inaangua kicheko: kalishwa limbwata huyo! Kwenye video za Bongo Fleva mwimbaji anaegemea gari la kukodi, wasichana wamepangwa nyuma yake kama viti vya harusi. Vichekesho vyetu vimejaa mume anayetishia kupiga, na sisi tunacheka. Mvulana anacheka nasi, huku ananukuu.

Januari 27, 2024, maelfu ya Wakenya waliandamana kupinga mauaji ya wanawake. Wakati wenzao wako barabarani, mitandaoni kulikuwa na wanaume wanaouliza marehemu alifuata nini huko alikouawa. Swali hilo hawakutoka nalo tumboni mwa mama zao. Walifundishwa, kipande kwa kipande, kicheko kwa kicheko, kwamba mwanamke akikataa amekudhalilisha, na mwanamume aliyedhalilishwa ana njia moja tu ya kujibu.

Nasikia mnaandaa kongamano jingine la malezi. Sawa, kunyweni chai yenu. Ila nyinyi watangazaji wa vipindi vya asubuhi, mzaha wa limbwata mnaweza kuuacha kesho saa kumi na mbili kamili. Hauhitaji kibali cha mamlaka ya mawasiliano, TCRA, wala mfadhili, wala posho ya kikao.